Mswala Chini ya Mlima Kiejo

Tangu turudi, kila ninayekutana naye hapa Tangini, Kibaha, ana habari zake kuhusu yaliyompata Mjomba Kondo huko Rungwe. Muuza genge wa mtaa wetu amesikia alipigwa na wakwe. Fundi cherehani jirani yake anaapa kwamba ni jini la mlimani. Mwingine kaniuliza, tena kwa sauti ya chini, kama ni kweli alilishwa kitu. Nimeona niandike mara moja, msome wote, kisha mniache ninywe kahawa yangu.

Kwa wasiomjua, Mjomba Kondo ni kaka wa marehemu mama yangu, mkulima wa mihogo na mikorosho kule Marui, Kisarawe. Ana mtoto mmoja tu, Chausiku. Miaka michache nyuma Chausiku alikuwa akiuza chai hapa Kibaha, akapendana na fundi wa kuchomelea anayeitwa Ambakisye, Mnyakyusa, Mkristo, wakafunga ndoa bomani bila Mjomba kuwepo. Mjomba akasema hana mtoto Kibaha. Walipohamia kwao mume, akasema hana mtoto popote. Kisha ikaja habari kwamba Chausiku amejifungua binti. Mjomba akakaa nayo siku kadhaa, halafu akanipigia simu.

"Hamza, wewe miguu yako haitulii," alisema. "Nipeleke."

Hakusema anakwenda kufanya nini.

Marui hadi Tangini

Nilimfuata mwenyewe. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya Maneromango ilikuwa ileile ya enzi tunasoma, mchanga ukilowa unakuwa uji. Bodaboda iliteleza mara nyingi hata dereva akatuomba tushuke tutembee kwenye miteremko. Nilipita karibu na shule niliyosoma mpaka kidato cha nne, nikamkumbuka mwalimu wetu wa jiografia aliyechora mlima wa volkeno ubaoni kwa chaki nyekundu, na tumbo lake, na koo lake, na moshi juu. Sisi ambao mlima mrefu tuliowahi kuuona ni vilima vya Pugu tulidhani anatania. Nadhani ndiyo siku miguu yangu ilipoanza kuwasha. Nimeishi Mwanza, nimeishi Songea, nimezunguka sana, lakini mlima ule wa chaki nilikuwa bado sijaufikia.

Mkaza mjomba, Bi Tausi, alinivutia nyuma ya jiko kabla hatujaondoka. Aliniambia mumewe hajamwambia lolote, na mtu asiyesema anakwenda kufanya nini anakwenda kufanya ubaya. Akaniomba jambo moja tu, nisikubali amvunjie mtoto nyumba yake mbele za watu. Nilimwahidi, ingawa sikujua nitamzuiaje mtu ambaye mpaka leo akikohoa mimi nasimama.

Mjomba alibeba begi moja la nguo, mihogo ya kuchemsha kwenye kapu, na mswala wa ukili aliosukiwa na Bi Tausi. Kisarawe mjini tulikuta gari tulilotegemea limeharibika, tukapita njia ya ndani inayotokea Kibamba, tukafika kwangu Tangini tumekuwa rangi ya udongo.

Tangini hadi Uyole

Basi lilitupitia Maili Moja asubuhi mapema. Mjomba alikaa dirishani, mswala mapajani, akatazama njia yote mpaka Mikumi bila kusema. Tulipoteremka hotelini kula, alikataa nyama kwa kuwa hakujua nani kaichinja, akala mihogo yake. Ng'ambo ya njia alikaa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa ameshusha parachichi Dar na sasa anarudi kwao Tukuyu. Alijitambulisha kama Mama Sekela, akauonea huruma muhogo wa Mjomba, akamgawia ndizi.

Kitonga ndiko tulikokwama. Lori lilikuwa limelala katikati ya kona juu yetu, na magari yamepangana mlima mzima. Watu walishuka, wengine wakakaa juu ya kingo wakila karanga. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine shimo na mto chini. Baridi ilipoanza Mjomba aliniomba nimtolee koti kwenye begi lake. Nililitoa, na chini ya koti nikakuta begi lingine, jipya, limekunjwa, halina kitu.

"La nini hili, Mjomba?"

"La kubebea."

"Kubebea nini?"

"Nguo za mwanangu."

Alisema bila kunitazama. Mama Sekela alikuwa amesimama pale pale, na hakujifanya kwamba hajasikia. Akamuuliza kama binti kaolewa. Mjomba akajibu kwamba hilo ndilo linalosemwa.

"Sasa mzee unakwenda kumtoa kwake au kwao?" aliuliza Mama Sekela.

Mjomba alivaa koti, akafunga vifungo. Mama Sekela akaendelea kumtania kuhusu koti lake la pwani, kwamba ni jembamba kama pazia na Uyole litamcheka, lakini baadaye alimpa ushauri, na nauandika kwa sababu ndio uliotuponza. Alimwambia: vyovyote iwavyo, ukifika usimuulizie binti kwanza. Mwamkie baba mwenye nyumba, kaa naye, ongea habari za mvua. Ukianza na binti utaonekana mwizi.

Lori liliondolewa jua limeshalala upande wa pili. Kutoka hapo Iringa, Makambako, tambarare za Usangu, nilisinzia na kuamka, na kila nikiamka nililiona lile begi tupu kichwani mwangu. Mama Sekela alikuwa na dada yake Uyole, akatuaga stendi. Sisi tukalala gesti. Mjomba aliomba blanketi la pili, akapewa, akaliomba na la kwangu.

Kupanda Uporoto

Asubuhi tulipanda kosta ya Tukuyu, na hapa ruhusuni nikae kidogo, kwa sababu ndicho nilichokifuata maisha yangu yote.

Ukitoka Uyole barabara inageuka kusini na kuanza kupanda mara moja. Nyuma yako unaiona Usangu imelala kama mkeka uliotupwa. Magharibi ni bonde linaloelekea Rukwa. Mbele, ukishavuka, ardhi inashuka mpaka Ziwa Nyasa. Yule mwalimu wetu alitufundisha kwamba pale dunia imepasuka njia tatu, na milima hii imesimama kwenye njia panda ya mipasuko. Nilikariri kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba mtu anaweza kuiona kwa macho yake akiwa amekalia kiti cha kosta.

Mashamba ya viazi mviringo yamepanda miteremko mikali hata unajiuliza mkulima anasimamaje. Pale barabara ilipokatwa kwenye ukingo, udongo unaonekana tumbo wazi: mweusi, kisha mkanda wa changarawe za kijivu, nyepesi, zenye matundu, kisha mweusi tena, kisha mkanda mwingine. Kila mkanda wa kijivu ni siku ambayo mlima fulani ulitapika na kuwafunika wote waliokuwa chini. Kila mweusi ni miaka ambayo watu na miti walijisahau, wakaota tena. Konda alisema akinamama huziokota zile changarawe kubwa kwa kusugulia visigino.

Kulia kwetu kulikuwa na Ngozi, mlima usio na kichwa. Kichwa kiliruka zamani, na ndani ya shingo kuna ziwa lisilo na mto unaoingia wala kutoka. Kushoto ukungu ulifunguka mara moja tu, nikauona Rungwe, mweusi kwa msitu, mpana, umekaa. Nilimgusa Mjomba atazame.

Alitazama muda mrefu. Akasema, "Sasa mtoto wa Marui anaishi vipi na vitu kama hivi juu ya kichwa chake?"

Baada ya Isyonje tulianza kushuka. Migomba, chai iliyokatwa sawasawa kama nywele za askari, mito inayopiga kelele chini ya mabonde membamba. Chausiku alikuwa ameniambia tusubiri stendi ya Tukuyu, mumewe atakuja kutupokea. Tulifika mapema kuliko tulivyotarajiwa. Nikataka tukae. Mjomba akakataa, alisema hawezi kupokelewa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikataa kumpokea. Akaita bodaboda. Nikampigia Ambakisye, simu haikupatikana. Kwa hiyo tulipishana naye njiani, yeye akishuka, sisi tukipanda, na mtu pekee ambaye angetueleza mambo ya nyumba ile hakuwepo tulipofika.

Chini ya Kiejo

Kiejo ni mdogo ukilinganisha na Rungwe, umesimama kusini yake kama mtoto aliyeachwa nyuma. Lakini ndiye mkorofi wa mwisho. Wazee wa pale husimulia kwamba mababu wa babu zao waliuona ukimwaga moto, na ubavuni kuna mto wa mawe meusi yaliyoyeyuka na kugandiana, sasa yameota majani. Kijiji kiko kati ya mawe hayo na mashamba. Wakati tunapanda kwa mguu kipande cha mwisho, niliona kibonde kidogo chini ya njia, majani yake mabichi na marefu, na kijito kinabubujika katikati. Njia ya ng'ombe ilikuja mpaka ukingoni, ikazunguka, ikaendelea upande wa pili. Nilishangaa kidogo kwamba hakuna ng'ombe aliyeyagusa majani mazuri namna ile. Kisha nikasahau.

Baba mkwe, Mzee Mwakibinga, alikuwa kibarazani peke yake. Mrefu, mkavu, koti zito. Alitukaribisha kwa upole, akaweka vigoda. Mjomba alifanya kama alivyofundishwa na Mama Sekela. Akaamkia, akakaa bega kwa bega naye, akauliza habari za mvua. Mzee akaeleza mvua. Akaeleza viazi. Mjomba aliitikia huku akitupia macho mlango wa nyumba.

Ndipo Chausiku akatokea migombani, mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani. Alituona. Uso wake ulifunguka, naapa ulifunguka, na Mjomba akaanza kuinuka. Kisha macho yake yakamfikia mzee aliyekaa kando ya baba yake. Akageuza uso, akavuta khanga mpaka shavuni, akarudi haraka alikotoka. Migomba ikamfunika.

Mzee Mwakibinga hakugeuka hata kidogo. Aliendelea na habari za ukungu wa viazi.

Mjomba alibaki nusu amesimama. Sijawahi kumuona na uso ule, hata siku tuliyomzika mama.

"Umeona?" aliniambia. "Mwanangu ananikimbia."

Nilijaribu kusema labda kaenda kuvaa vizuri. Hakunisikia. Akamwambia mwenyeji kwamba adhuhuri imefika na anataka kuswali. Mzee akasema ataletewa maji. Mjomba akasema ameshayaona maji njiani. Akachukua mswala wake, na nilipoinuka akaninyooshea kidole nisimfuate.

Bondeni

Nilimuuliza mzee, kwa adabu niliyoweza, kama Chausiku ana ugomvi na mtu humu. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini maji yanashuka. Akasema yule ni mkwe wake. Mke wa mwanawe haonani naye uso kwa uso, hapiti alipokaa, hatamki jina lake. Siku hizi wengi wameacha, wake wa vijana wengine wanampita simu sikioni. Lakini Chausiku alipokuja aliulizia mila ya nyumba, akaambiwa, akaishika.

"Mtoto wa pwani," alisema, "ananiheshimu kuliko niliowazaa."

Nilitaka kucheka kwa nafuu niliyoipata. Nikasema basi nikamweleze Mjomba, maana ameondoka na moyo mbaya. Mzee akauliza ameelekea wapi kuswali. Nikamwonyesha kwa mkono kile kibonde chenye majani mabichi.

Aliinuka kabla mkono wangu haujashuka. Sikujua mtu wa umri ule anaweza kukimbia.

Nilimuona Mjomba kutoka ukingoni. Alikuwa ametawadha pale kijitoni, ametandika mswala mahali pa chini kabisa, palipokingwa na upepo, na alikuwa amesujudu. Nilingoja ainuke. Hakuinuka. Mkono wake mmoja ulikuwa umeteleza nje ya mswala na vidole vinachezacheza kwenye majani. Nilianza kushuka, mzee akanishika kola. Akaniambia haraka kwamba ardhi pale inapumua hewa mbaya. Haionekani, ni nzito, inajaa bondeni kama maji kwenye beseni, na siku isiyo na upepo inafika gotini au kiunoni. Aliyesimama anapita. Anayeinama anazimia. Nivute pumzi huku juu, niizibe, nisiiachie mpaka nitoke.

Na wakati huohuo nikamuona Chausiku ukingo wa pili. Alikuwa amezunguka migomba yote ili ampokee baba yake njiani, mbali na mkwewe. Alishamuona. Alimshusha mtoto majanini, akaanza kukimbia kuteremka huku akiita, mdomo wazi.

Mzee Mwakibinga akamwita kwa jina.

"Chausiku! Ziba pumzi! Usiiname mpaka tufike!"

Alisimama kama aliyepigwa. Si kwa ajili ya hewa, nadhani, bali kwa kusikia sauti ile inataja jina lake. Kisha akafunga mdomo, akatikisa kichwa kukubali, akimtazama machoni.

Tulishuka sote. Nakumbuka miguuni vipepeo wengi wameanguka, na ndege mdogo ubavu juu, na maji yanayotokota lakini hayana moto. Chausiku akashika bega moja, mzee akashika la pili, mimi miguu. Nyuso zao mbili zilikaribiana juu ya kichwa cha Mjomba kiasi cha kugusana. Tulimwinua. Katikati ya mteremko kifua kilinishinda, nikavuta kidogo, ikanichoma puani kama soda inavyopanda ukinywa kwa pupa, na dunia ikayumba. Sijui nilimalizaje zile hatua za mwisho.

Tulimlaza juu, kichwa mapajani mwa binti yake. Alikuwa amebadilika rangi. Chausiku alimpepea kwa khanga, akamwita baba, baba, kwa sauti ndogo, bila kukoma. Mtoto alikuwa analia peke yake ng'ambo, na hakuna aliyekwenda. Sijui ni muda gani. Nilimfikiria Bi Tausi na ahadi niliyompa, nikaona kwamba nilikuwa nimeogopa jambo dogo.

Kisha Mjomba akakohoa. Akavuta pumzi ndefu yenye mlio, akakohoa tena, akafungua macho.

Mzee Mwakibinga alikuwa ameshatupa mgongo. Alisimama anautazama mlima.

"Mbona umenikimbia?" ndilo neno la kwanza la Mjomba.

"Sikukukimbia wewe, baba. Ulikuwa umekaa na mkwe. Nilizunguka nije kukupokea."

Mjomba hakuelewa. Nikamnyooshea kidole ule mgongo wa koti zito. Aliutazama, akamtazama mwanawe, na nikaona anakielewa kitu kidogokidogo. Mnakumbuka, nyinyi wa Marui, jinsi Mjomba alivyokuwa akimwachia njia mama mkwe wake, mama mzazi wa Bi Tausi, anaingia hata kwenye miba, mpaka bibi yule anafariki.

"Kumbe," alisema. Akafumba macho tena, na machozi yakamtoka pembeni.

Baadaye nilimuuliza kwa nini alichagua pale. Alisema alipapenda kwa kuwa hapakuwa na hata siafu mmoja. Kwetu Marui hutandiki mswala kabla hujakagua siafu, na hajawahi kupata mahali safi namna ile. Aliposujudu kifua kilianza kumbana. Alidhani ni hasira. Hakujua kwamba hata siafu hawaishi kwenye hewa ile.

Begi

Ambakisye alirudi anahema, ameshahadithiwa njiani. Alipiga magoti mlangoni mwa chumba tulichomlaza Mjomba.

"Shikamoo, baba."

Nilihesabu vigoda, nilitazama paa.

"Marahaba," alisema Mjomba. "Kaa. Unanizibia mwanga."

Jioni tulikula ndizi na maziwa mgando, Chausiku akiwa upande wa jikoni, mzee upande wa barazani, ukuta katikati yao kama siku zote. Mzee akamwambia mwanawe, kwa sauti iliyokusudiwa kupenya ukuta, amwambie mkewe kwamba ya bondeni yamebaki bondeni. Kutoka jikoni ikaja sauti ikimwomba Ambakisye amwambie baba kwamba amesikia, na anashukuru.

Tulikaa mpaka Mjomba alipopata nguvu. Asubuhi ya kuondoka alifungua begi lake, akatoa lile tupu, akaliweka kizingitini. Nilisimama. Chausiku alikuwa anakuja na mtoto, na alipoliona alijua, maana uso ulimkauka. Mzee alikuwa amekaa barazani. Mjomba aliliona hilo pia. Akaokota begi, akainuka mwenyewe, akazunguka nyuma ya nyumba ili mwanawe aweze kumfikia. Nikawafuata.

"La nini hilo, baba?" Chausiku aliuliza.

"La kubebea."

"Kubebea nini?"

Mjomba alimchukua mjukuu kwanza, akamweka begani.

"Chochote utakachonipa," alisema.

Hadi Marui

Ndiyo maana tulirudi na viazi. Vilikuwa vizito, nilivibeba mimi, na tulipovuka Kitonga hapakuwa na lori wala foleni. Mjomba alizungumza njia nzima. Alimweleza kila aliyekaa karibu yake kwamba kwa mkwewe kuna milima iliyokatwa vichwa.

Marui tulimkuta Bi Tausi amesimama uwanjani. Alilitazama begi lililojaa, akatazama njia nyuma yetu kama kuna mtu mwingine anayekuja, kisha akakaa chini na kulifungua. Viazi, majani ya chai, na chini kabisa jiwe la kijivu lenye matundu, la kusugulia visigino, alilookotewa na mwanawe ukingoni mwa barabara. Akalitia kwenye beseni alioshe. Likaelea. Akalizamisha kwa kidole, likapanda tena.

"Huko mawe yanaelea?" aliuliza.

"Utayaona ukifika," alisema Mjomba. "Ila mswala usiutandike mpaka umeona siafu."